Gambuti Zangu na Treni Iliyolala

Nilikulia Kuresoi, ambako kitu kirefu kuliko vyote barabarani ni lori la viazi. Treni niliijua kwa picha ya kitabu cha shule. Nilipokuja Gilgil kukaa na binamu yangu ndipo nikaiona yenyewe, na siku hiyo ya kwanza nilisimama kando ya reli nikingoja iishe. Haikuisha upesi. Mabehewa yalipita moja baada ya jingine, yote ya rangi ya kutu, mpaka nikasahau nilikuwa nimetumwa nini.

Baadaye nilipata kazi katika shamba la maua lililo upande wa pili wa reli, na treni ikaacha kuwa kitu cha kutazama.

Ni treni ya mizigo. Sisi haitubebi, lakini ikikwama sisi ndio tunachelewa. Karibu na mtaa wetu kuna mwinuko, na injini ikishindwa hapo, mabehewa yanabaki yamefunga ile njia ya miguu tunayopitia kwenda kazini. Watu husema treni imelala. Asubuhi mtaani kwetu, kabla hata ya kuulizwa habari, unaulizwa, "Imelala leo?" Ikilala vibaya inabaki pale mpaka injini nyingine itoke Nakuru kuja kuisaidia.

Kila mtu ana namna yake ya kupambana nayo. Wenye baiskeli huzunguka mbali hadi barabara kubwa. Wengine huamka mapema sana, wakifika wanakuta njia iko wazi, nao wanakaa langoni wakisinzia. Lakini wengi hupanda. Unashika chuma cha behewa, unakanyaga pale mabehewa yanapoungana, unapitisha mfuko, unapitisha mguu, umefika upande wa pili. Wanawake wa shamba letu huvaa suruali ndani ya sketi kwa sababu hiyo tu.

Mimi sipandi. Wiki yangu ya kwanza kazini jamaa mmoja alikuwa ameshavuka, anavuta mfuko wake tu, treni ikashtuka. Haikuondoka. Ilishtuka tu kama mtu aliyeguswa usingizini, na kishindo kikakimbia kutoka behewa hadi behewa mpaka mwisho. Mfuko ukaanguka kwenye reli. Treni ilipoondoka, kopo lake la chakula lilikuwa bapa kama chapati. Aliliinua akatuonyesha, tukacheka sote, yeye zaidi. Lakini mchana nilipofungua kopo langu sikuweza kula.

Basi mimi, treni ikilala, nilikuwa nangoja. Na kwa muda mrefu nilikuwa na bahati, kwa maana iliondoka kila mara kabla sijachelewa sana.

Inafaa nieleze habari ya gambuti, yaani buti ndefu za mpira, kwa sababu bila hizo siku ile haieleweki. Kwenye mlango wa grinhausi yetu, ile nyumba ya plastiki yanamokuzwa maua, kuna rafu. Kila mfanyakazi ana gambuti zake hapo, na haziruhusiwi kutoka nje, zisije zikaleta ugonjwa wa maua. Unafika, unavua malapa yako, unavaa gambuti, unakanyaga ndani ya kidimbwi cha dawa, halafu ndipo unaingia. Kengele ikishalia, msimamizi anatazama rafu. Gambuti zilizobaki juu yake ni za mtu ambaye hajafika. Huyo safu yake ya maua anapewa mmoja wa wale wanaongoja kazi langoni kila asubuhi, na gambuti zake pia.

Kuna desturi nyingine. Ukitaka kwenda choo, ambacho kiko nje, unavua gambuti unaziacha mwanzo wa safu yako, kwenye njia ya saruji, unatoka na malapa. Kwa hiyo gambuti zikisimama peke yake hapo, hakuna anayeuliza. Mwenyewe yuko choo.

Zangu nilizifunga uzi wa bluu kwenye masikio yake, maana nilikuwa mgeni na niliogopa kuchukua za mtu. Ningechukua za mtu, ningeshindwa hata kuomba radhi. Mimi ni mtu wa sauti ndogo. Darasani mwalimu alikuwa akinikuta nimeinua mkono mpaka bega tu. Pale shambani nilikuwa nimemaliza karibu miezi mitatu na nilidhani hakuna anayenijua, isipokuwa mama mmoja kutoka Ndabibi ambaye safu yake iko kando ya yangu. Yeye aliniita Kuresoi tangu siku ya kwanza, na wengine wakafuata.

Miezi mitatu ndiyo ya kujaribiwa. Ikiisha, msimamizi anapita kati ya safu akiwa na aproni za kijani mkononi. Ukipewa aproni, umebaki kazini. Asiposimama kwako, jioni unarudisha gambuti. Tulikuwa tumeambiwa siku. Nyumbani Kuresoi nilikuwa nimemwambia mama yangu kwamba kazi ninayo, na alikuwa ameshawaambia majirani. Sikuwa nimemweleza kwamba bado kuna aproni.

Asubuhi ya siku hiyo nilitoka nyumbani mapema, nimenyoosha hata kitambaa cha kichwa. Kabla sijafika relini niliona watu wamesimama.

Ilikuwa imelala. Tena ilikuwa ndefu, ncha zote mbili hazionekani, na upande wa mbele hakukuwa na hata moshi.

Watu wa shamba walikuwa wameshaanza kupanda. Mama wa Ndabibi alikuwa amefunga sketi yake kiunoni akingoja zamu.

"Kuresoi, njoo nikushike mkono. Imelala fofofo."

"Itaamka," nikasema.

"Itaamshwa na nani? Dereva mwenyewe yuko pale mbele anakula mkate."

"Mwache, mathe," jamaa mmoja akasema kutoka upande wa pili, kichwa kikitokeza kati ya mabehewa. "Huyo anangoja kukatiwa tikiti."

Wakacheka. Mama wa Ndabibi hakucheka. Alinisogelea.

"Unajua leo ni aproni?"

"Najua, mama."

"Na hupandi?"

Nilitazama vile vyuma vilivyoshikana. Vilikuwa vimenyamaza kabisa. Nikaona lile kopo bapa. "Sipandi."

Alinitazama usoni, akapumua. Nilifikiri atanigombeza.

"Basi nipe chakula chako. Angalau hicho kifike kazini." Alichukua kopo langu akalitia kwenye mfuko wake, juu ya lake. "Wewe zunguka kwa kalvati. Na usitembee kama bibi harusi!"

Kalvati ni tundu kubwa chini ya reli ambalo maji ya mvua hupitia, na ng'ombe pia. Liko mbali, upande wa kuelekea Nakuru. Nilikimbia kando ya treni, behewa baada ya behewa, kishona nguo kikinishika sketi na soksi. Ilikuwa kama siku ile ya kwanza, ila safari hii treni ndiyo imesimama na mimi ndiye ninayepita.

Nilipofika kalvati, ng'ombe walikuwa ndani wakija upande wangu. Nyuma yao niliona kofia na fimbo ya mzee.

"Mzee, naomba kupita," nikasema. Nadhani ng'ombe wa mbele tu ndiye aliyesikia.

"Unasema?"

"Naomba kupita!"

"Upite wapi, na wako ndani? Ng'ombe hana rivasi, msichana."

Nikajibanza ukutani. Walipita polepole, mmoja akasimama kunusa kitambaa changu cha kichwa. Mzee alipotokea alinitazama mimi na sketi yangu iliyojaa mbegu.

"Imelala?"

"Imelala, mzee."

"Na wewe hupandi."

"Sipandi."

"Vizuri," akasema, akafuata ng'ombe wake.

Sijui kama lile neno lilikuwa la kunipongeza au lilimtoka tu, lakini lilinipa nguvu. Nikainama, nikaingia kwenye matope. Nilikuwa katikati ya kalvati niliposikia kishindo. Kilianza mbali, kikaja juu ya kichwa changu, kikapita. Mchanga ukanimwagikia shingoni. Halafu magurudumu yakaanza kuzunguka, pole, pole, kisha kwa haraka.

Treni ilikuwa imeamka.

Nilisimama mle gizani na maji kwenye viatu, nikitamani kulia na kucheka. Ningengoja pale pale nilipokuwa, ningevuka nikiwa mkavu. Nilipotoka upande wa pili na kupanda ukingo, niliwaona kwa mbali watu wengine wa mtaa waliobaki wakivuka reli kwa mwendo wa kawaida, mifuko begani, wako mbele yangu.

Kengele ya shamba ilikuwa imelia zamani. Langoni niliangalia kwanza wale wanaongoja kazi. Kulikuwa na msichana wa rika langu, mwenye malapa mekundu, aliyekuwa akija kila asubuhi bila kukosa. Nilikuwa nampita kila siku kichwa nimeinamisha, maana nilijua anangoja mtu kama mimi akosekane. Asubuhi hiyo hakuwepo.

Askari wa lango alinipungia mkono. "Mathe wako amepita na chakula chako zamani. Ingia, lakini huko ndani utajitetea mwenyewe."

Kujitetea ndiyo kazi nisiyoiweza. Nilitembea mpaka kwenye grinhausi nikipanga maneno. Boss, treni. Boss, ililala. Nilifika mlangoni, nikavua viatu, nikatazama rafu.

Gambuti zangu hazikuwepo. Nafasi yake ilikuwa tupu, na vumbi limeacha alama mbili za nyayo.

Nikaona yote kichwani. Msichana wa malapa mekundu yuko kwenye safu yangu, uzi wangu wa bluu uko miguuni mwake, aproni ya kijani inaenda kwa mtu mwingine. Nilibaki na viatu vyangu vya matope mkononi. Nilikuwa nageuka kuondoka, kweli, bila kumwambia mtu, nilipotazama ndani mara ya mwisho.

Gambuti zangu zilikuwa zimesimama mwanzo wa safu yangu, kwenye saruji, zimepangwa pamoja vizuri, uzi wa bluu ukiangalia mlangoni. Kando yake kulikuwa na kopo langu la chakula. Kwenye safu yenyewe hakukuwa na mtu.

"Kuresoi!" Mama wa Ndabibi alipaza sauti kutoka katikati ya maua, kubwa kuliko ilivyohitajika. "Tumbo limepoa?"

Sikuelewa upesi. Jamaa wa tikiti, aliyekuwa safu ya tatu, alijishika tumbo akakunja uso, kunionyesha. "Pole sana," akasema. "Umekaa huko mpaka tukakuombea."

Ndipo nikaelewa. Walikuwa wamenipeleka choo.

"Limepoa," nikasema. Nadhani hilo ndilo neno la sauti kubwa zaidi nililowahi kusema pale.

Nilivua soksi za matope, nikaenda kwa miguu mitupu mpaka kwenye gambuti zangu. Nilikuwa nimeinama kuzichukua nilipoona viatu vya msimamizi vimesimama mbele yangu. Aproni za kijani zilikuwa zimelala kwenye mkono wake. Nyuma yangu mikasi ya kukatia maua ikanyamaza, safu moja baada ya nyingine.

Aliinua gambuti yangu moja, akaigeuza, akapitisha kidole chini yake. Hapo ndipo nami nikaona. Mama wa Ndabibi alizitoa kwenye rafu akazibeba mkononi mpaka pale. Hakuzipitisha kwenye kidimbwi. Gambuti za mtu aliyefanya kazi tangu kengele zina dawa na udongo mbichi. Zangu zilikuwa kavu kama ugoro.

Msimamizi alinitazama kuanzia chini. Matope miguuni, kishona nguo kwenye sketi, mchanga wa reli shingoni.

Alirudisha gambuti chini. Akachomoa aproni moja akaiweka juu yake.

"Kesho," akasema kwa sauti niliyoisikia mimi peke yangu, "uchovye gambuti kwanza, ndipo uende choo."

Akaendelea na safu nyingine. Nyuma yangu mikasi ikaanza tena, yote kwa pamoja, na mtu akapiga mluzi.

Nilirudi mlangoni, nikavaa gambuti, nikasimama ndani ya kidimbwi cha dawa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nikiwa hapo, nilitazama nje kuelekea langoni. Msichana wa malapa mekundu ndio kwanza anafika, mbio, sketi yake imejaa kishona nguo. Kumbe naye hapandi. Wiki chache baadaye alipata safu yake bila kuchukua ya mtu, na siku hizi treni ikilala tunazunguka pamoja.

Mchana tulikaa kwenye nyasi kula. Nilikuwa nimevaa aproni yangu mpya ingawa wakati wa kula inaruhusiwa kuvua. Nilitaka kumwambia Mama wa Ndabibi asante, nikawa natafuta jinsi ya kuanza. Nikafungua kopo langu ili nipate la kufanya.

Viazi vyangu vilikuwa vimepungua kimoja.

Nilimtazama. Alikuwa anatafuna chakula chake, ametazama relini kana kwamba hakuna kitu.

"Nauli," akasema.