Orodha Niliyoizungusha Mwenyewe

Ofisi ya nyumba za kaunti, upande wetu wa Jericho, ilikufa polepole huku mlango ukiwa wazi. Zamani watu walipanga foleni pale kulipa kodi. Tangu kodi ianze kulipwa kwa simu, walibaki makarani watatu, vumbi na paka mmoja mnene. Barazani ndipo babangu alipoweka cherehani yake. Alishona sare za shule pale tangu sijaanza kusoma, na akina mama hawakusema wanakwenda ofisini, walisema wanakwenda kwa mzee wa sare. Nyumbani kwake ni chumba kimoja. Akiweka cherehani, atoe kitanda. Akiondolewa barazani kazi imekwisha, na kwa umri wake hakuna atakayempa nyingine.

Mwaka jana bango likasimamishwa getini. Lilisema matumizi ya kiwanja yatabadilishwa, kutoka ofisi hadi viwanda vidogo na maghala, na mwenye pingamizi aiandikie kaunti ndani ya siku kumi na nne. Mimi ndiye katibu wa kamati ya wakazi, na sitajificha: nilichelewa kulisoma. Baba alikuwa ameliona ni mahali pazuri pa kutundika mashati yaliyokwisha kushonwa, nasi sote tukapita tukiona mashati. Nilipolisoma zilibaki siku sita. Siku sita zinatosha kabisa kuandika barua.

Lakini wiki hiyo hiyo wenye mradi wakatuita kwenye mkutano wa kutoa maoni, nasi tukaona mkutano unatosha. Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Mtaani kwetu, iwe matanga au harambee, daftari ndilo linalosema nani alikuwepo. Kama jina lako halimo, hata uwe ulilia kuliko mjane, hukuja. Kwa hiyo waandaaji waliponiletea mapema karatasi za mahudhurio, zenye nafasi ya jina, kitambulisho na sahihi, nilifurahi kama mjinga.

"Wasee, andikeni majina," niliwaambia. "Tukiwa wengi watatuogopa."

"Katibu, na mathe hawezi kuja, miguu inamsumbua," jirani mmoja akasema.

"Mama yako nitampelekea mlangoni."

Nikampelekea. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, nikiwasuta waliosita. Nilikuwa nimeanza na baba, aliyekuwa akipitisha kola chini ya sindano.

"Niandikie wewe, mama," akaniambia mimi bintiye bila kuinua kichwa. "Mikono imejaa."

Nikamwandikia, namba moja. Hata sahihi yake niliiweka mimi. Ninaijua tangu alipokuwa akinijazia fomu za shule.

Mkutanoni tulisema yote. Tuliuliza malori yatapita wapi na watoto watavuka wapi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeunga mkono. Msemaji wa wenye mradi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, tukanywa soda, tukarudi nyumbani tukicheka kwamba leo wametutambua. Kicheko hicho ndicho kinachoniuma mpaka sasa.

Baada ya miezi michache tukasikia mabadiliko yamekubaliwa. Nilikwenda kaunti nikiwa nimefura. Karani aliyenipokea, binti mpole tu, akaniwekea faili mezani. Karatasi zetu zilikuwemo, lakini mbele yake palibanwa ukurasa uliopigwa chapa: orodha ya wakazi walioshauriwa na wanaounga mkono mradi.

"Sisi tulipinga," nikamwambia.

"Sawa, madam. Barua ya pingamizi iko wapi?"

Akafunua faili hadi jalada la nyuma. Hapakuwa na barua hata moja. Tuliandika majina ya mtaa mzima, mpaka ya wagonjwa, na hatukuandika neno lolote la kukataa. Nilimuuliza kuhusu rufaa, akaniambia muda wake umepita. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la korido, nikalia mbele za watu. Wezi walikuwa wezi, ndiyo, lakini mlango niliwafungulia mimi, tena kwa bidii.

Sasa kiwanja kimezungushiwa mabati. Cherehani imefungwa gunia, iko kwa jirani, na baba hushinda kwangu akitazama mikono yake. Hanung'uniki, heri angenung'unika. Jana nilipokuwa nikimwekea chakula akaanza mwenyewe.

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Kuna mtu wa hapa hapa aliyewapelekea majina yetu kwamba tunaunga mkono. Nasikia langu liko la kwanza, na sahihi juu yake. Mimi sikumbuki kutia sahihi popote. Wewe ni katibu. Ni nani huyo?"

Nilikuwa nimeshika sahani. Nikaitua.

"Sijui, baba."

Akala matonge mawili, akanawa.

"Ukimjua usinitajie," akasema. "Nisije nikalaani mtoto wa watu."