Safari Isiyo na Msiba

Pale Mwakitolyo mtu huondoka machimboni kwa sababu tatu: amefiwa, anaumwa, au duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, limetema dhahabu. Sababu ya nne hakuna aliyewahi kuisikia, mpaka Maduhu alipotangaza kwamba anakwenda Kigali kutembea.

Kutembea tu. Hakuwa na ndugu kule, wala biashara, wala hakuna aliyemwita kazini. Alikuwa amemaliza chuo Dodoma, shahada ya historia, akarudi kwao Mhunze, Kishapu, na kukuta pamba ya baba yake imekauka na ajira nazo hazionekani. Stanslaus, waliyekaa naye dawati moja shule ya msingi, ndiye aliyemwita machimboni, akamfundisha kushika nyundo na tindo, akamwingiza kwenye kikosi chao. Walikuwa wanne, wakishuka duara moja, wakigawana mawe sawa kwa sawa, wakila sinia moja kwa Mama Zipora, mpishi wa machimboni.

Sasa huyu msomi wetu alikuwa na kiu yake. Miaka mitatu alikuwa amejibu mitihani juu ya nchi za watu bila kukanyaga hata moja, na jambo hilo lilimuumiza kuliko alivyopenda kukiri. Aliiuza kompyuta yake Kahama kimyakimya, akapata hati ya kusafiria Uhamiaji, na siku ya mwisho, alipopanda kutoka chini ya duara akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, akamwambia Stanslaus, "Kesho naenda Rwanda mara moja."

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Naenda kutembea."

"Haya," Stanslaus alisema, akaendelea kukunja kamba.

Asubuhi Maduhu alipanda basi hadi mpakani, Rusumo, akavuka daraja kwa miguu, maji ya Kagera yakinguruma chini yake. Ng'ambo ya pili aliona magari yanahama upande wa kushoto wa barabara na kwenda kulia, kwa utulivu kabisa, utadhani yameambiana. Alicheka peke yake. Akageuka amwonyeshe mtu. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja na kapu lake, anaangalia mambo yake.

Kigali alipanga Nyamirambo, kwenye chumba cha vitanda vya ghorofa, kwa kuwa aliambiwa huko Kiswahili kinasikika na malazi hayaumizi. Alikunywa chai ya maziwa na mkate asubuhi, akashinda hivyo, akapanda na kushuka milima kwa miguu ili asipande pikipiki. Mji ulikuwa mzuri, tusimnyime haki yake. Barabara zimefagiwa, abiria wa pikipiki wote wamevaa kofia ngumu, vilima vimepangana mpaka macho yanachoka. Lakini uzuri usio na wa kumgusa kiwiko ukamwambia "hebu ona" unachosha upesi. Kuna siku alilala bila kumwambia binadamu neno lingine zaidi ya "hii bei gani?" Wenzake wa chumbani walikuja na kuondoka na mabegi yao. Upweke ulimkaba, na hakuwa ameutegemea. Alidhani mtu akiona mapya hujaa.

Dawa aliyoipata ilikuwa kumsimulia Stanslaus kichwani. Kila alichokiona alikiwekea maneno ya kumwambia yeye: hapa atacheka, hapa atabisha. Simu ilikataa mtandao tangu mpakani, naye akaona si neno, hadithi itanoga ana kwa ana. Siku za mwisho alijinyima chakula akamnunulia rafiki yake tochi ya kuvaa kichwani, nzuri, yenye mkanda mpana.

Alirudi wakati wa chakula cha mchana. Kikosi kilikuwa kimezunguka sinia, na mtu mgeni ameketi mahali pake.

"Mwadila," alisalimia kwa Kisukuma.

Waliitikia. Hakuna aliyesogea. Kwa watu wanaokula pamoja, kutosogea ni tusi lisilohitaji mdomo. Maduhu alisimama na begi lake mpaka wakanawa na kwenda zao, Stanslaus naye akaondoka bila kugeuka.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama Zipora. "Wamekuwaje hawa?"

"Marahaba. Wanasema uliondoka na jiwe lenye dhahabu."

"Jiwe gani?"

"Mimi napika tu, mwanangu. Lakini mtu atoke chini ya duara, kesho yake apande gari aende nje ya nchi, na simu isipatikane. Wenzake wakipeleka mawe kwenye karasha kusagwa, mawe hayana kitu. Wewe ungesemaje?"

Jioni alimfuata Stanslaus kwenye hema lake la turubai. Hakutaka mawe wala mgawo. Alimtaka mtu wake.

"Niliuza kompyuta," alisema. "Ndiyo iliyonipeleka Kigali, nikaone mji na vilima."

"Mtu auze kompyuta akatazame vilima? Kishapu havipo?"

Maduhu alitoa tochi kwenye begi akamwekea mapajani.

Hapa ndipo shule yake ilipopungua, maana kuna jambo la machimboni alikuwa hajafundishwa. Mchimbaji aliyewaficha wenzake dhahabu, roho ikimsuta, hajielezi. Huleta zawadi. Ikipokelewa, maneno yameisha.

Stanslaus aliiwasha tochi, akaizima. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza.

"Umefanya vizuri kuleta. Wengine hawaleti kabisa. Mimi nimekusamehe, na wale nitaongea nao, utarudi kazini. Ila mimi ni rafiki yako, niambie kweli. Lilikuwa kubwa?"

Maduhu alifungua mdomo. Ukweli alikuwa nao, wote, pamoja na daraja na magari na vile vilima. Alijua pia kwamba akiusema tena, tochi itarudi mikononi mwake, naye atatoka nje ya turubai kama alivyoingia.

"Dogo," alisema. "Lilikuwa dogo tu."

"Nilijua," Stanslaus alicheka, akampiga begani. "Twende tukale."

Kwa Mama Zipora walisogea, wote, mpaka yule mgeni. Maduhu alinawa, akamega ugali. Bartholomeo, mkubwa wa kikosi, alimsogezea dagaa upande wake, akainama karibu na kumuuliza kwa sauti ya chini dhahabu huko Kigali wanainunuaje.

"Bei yao nzuri," Maduhu alijibu, akaendelea kula.