Mahari Aliyoikataa Baba Mkubwa

Kwetu ukitaja wema, watu walikutajia baba mkubwa. Baba yangu alifariki mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na yeye, kama kaka mtu, alikuwa na haki ya kumrithi mama pamoja na ng'ombe. Hakumrithi. Alisema mbele ya wazee kwamba hataoa kabisa, si mama wala mwanamke mwingine, asije akazaa watoto wakagombania na sisi mali ya marehemu. Akajenga kibanda chake upande wa pili wa zizi, akalala humo peke yake mpaka uzeeni. Alilima, alichunga, alitulisha, na kila chakula tulichompelekea aliuliza kwanza kama mama ameshakula. Sikatai hayo. Uwele wake ndio ulionikuza.

Lakini mtu anayejinyima sana ni wa kuogopwa. Anazoea kutoa, na akishamaliza vya kwake anaanza kutoa vyenu. Nikiwa msichana sikulijua hilo. Nilijua tu kwamba nina baba asiye na makuu, na nilipompigia goti asubuhi kumwamkia, nilijiona nina bahati kuliko wenye baba zao wa kuwazaa.

Nilipofikia umri wa kuolewa alijitokeza kijana wa Itigi aliyekuwa akifanya kazi ya kutengeneza njia ya reli. Tulikuwa tumeonana mnadani, tukaonana tena, na mara ya tatu sikujifanya tena kwamba nimekuja kununua chumvi. Wajomba zake walileta kibuyu cha asali. Kwetu asali ya posa ikipokelewa, ikatengenezwa pombe na wazee wakainywa, mazungumzo yameanza, kinachobaki ni ng'ombe. Baba mkubwa aliipokea. Akaketi na wenzake wakainywa mpaka chini, na kijana wa watu akarudi relini kutafuta ng'ombe.

Ndipo likaja agizo la kuhamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara. Tuliwekwa pamoja na watu wa ng'ambo ya mbuga, na hatukupendana nao hata kidogo: wao walisema mifugo yetu inakula mtama wao, sisi tulisema mtama wao umepandwa kwenye njia ya mifugo yetu. Baba mkubwa akachaguliwa mwenyekiti. Alikuwa wa kwanza kubomoa kile kibanda chake cha tembe, akabeba miti ya paa begani. Fahali wake wa kulimia aliwatoa kwa shamba la kijiji, na majembe pia. Watu walitikisa vichwa kwa mshangao, na mimi nilifurahi pamoja nao.

Siku moja ukafanyika mkutano wa kupatanisha pande zile mbili. Mimi na wasichana wenzangu tulikuwa pembeni, tunapika uji wa wakulima. Baba mkubwa akasimama, akasema hivi, na sijasahau hata neno moja: "Tunaitana ndugu, na bado tunauziana mabinti. Naanza mimi. Binti yangu nampa kijana wa ndugu yangu yule pale wa ng'ambo, bila ng'ombe hata mmoja." Watu wakapiga makofi. Mama, aliyekuwa amekaa na wanawake wenzake, aliinama akachora chini kwa kidole. Mimi niliendelea kukoroga uji, maana sikujua mikono yangu niipeleke wapi.

Najua wako watakaosema alifanya jambo zuri, na maneno yake ukiyasikia kwa mbali ni matamu. Waje waniulize mimi. Ng'ombe wakishaingia kwenye zizi la kwenu, mume hakufukuzi ovyo, kwa sababu ukiondoka atawadai, na ndugu zako hawapendi kuwarudisha. Kwa hiyo mkigombana pande zote mbili zinakuja mbio kuwasuluhisha. Asiyetolewa ng'ombe hana wa kumkimbilia. Mama mkwe wangu alilijua hilo siku ya kwanza. Nilipokosea kusonga ugali alisema, "Wewe mwanangu hukuolewa, ulipigiwa makofi." Akalirudia neno hilo kisimani, na wenzake wakalichukua.

Mume wangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukubali. Wazazi wake walipomtafutia mke wa pili alikubali, na huyo akatolewa ng'ombe wazuri, usiku usiku, wakipitishwa nyuma ya nyumba ili mwenyekiti asione. Wale wale waliopiga makofi mkutanoni waliendelea kupelekeana ng'ombe kimyakimya. Katika kijiji kizima aliyeolewa kijamaa nilikuwa mimi peke yangu. Mke mwenye ng'ombe akapewa jiko, mimi nikapewa mtungi wa kutekea maji. Haukupita muda mume wangu akanisindikiza mpaka kisimani, akanitwika mzigo wangu, akasema niwasalimie nyumbani. Hakuna aliyekuja kusuluhisha.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda Itigi, nikamtafuta kijana wangu wa reli. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Nilileta asali ikanyweka. Nikirudi kwenu nitachekwa. Na wewe sasa umetoka kwa mtu." Nikanywa ile chai yote kwa sababu nilikuwa na njaa.

Hapo ndipo nikarudi kwa baba mkubwa. Nilimwambia aende Itigi, azungumze na yule kijana kama baba, aseme alikosea, apokee ng'ombe kama watu wengine. Alikuwa anakaza kamba ya kitanda chake. Hakunifokea. Angenifokea ningeshukuru.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Nilitamka mbele ya watu. Nikirudi nyuma, neno langu litakuwa nini?"

"Na mimi, baba mkubwa, nitakuwa nini?"

"Utakuwa mwanangu, kama zamani. Chakula kipo."

Chakula kipo! Usiku ule niliapa kwamba nitamwona mtu huyu akianguka, na nitakuwa karibu.

Kulipokucha nilirudi Itigi nikapata kazi kwenye duka la Mhindi karibu na stesheni. Mwenye duka alikuwa na mke mtu mzima, mcha Mungu wa dini yao ya Kihindu, asiyekula nyama wala yai. Alasiri tulikaa uani tukichambua dengu, naye akinisimulia visa vya kwao. Kimoja kilikuwa cha shujaa aliyeacha kiti cha ufalme na kuapa hataoa maisha yake yote, ili baba yake apate mke aliyempenda na watoto wa mke huyo watawale.

"Yeye hapana taka kitu," mama wa dukani aliniambia. "Nafanya kazi yake, hapana ngoja tunda." Hiyo kwao ndiyo sifa kubwa kuliko zote.

Mimi nilicheka moyoni. Asiyetaka tunda asipande kwenye shamba la mwenzake. Lakini kisa kiliendelea. Shujaa huyo alikwenda akamtwaa binti mfalme kwa nguvu, si kwa ajili yake, kwa ajili ya mdogo wake. Binti alikuwa ameshachagua mwanaume mwingine. Akarudishwa kwa huyo mwanaume, naye akamkataa: umeshachukuliwa na mtu. Binti akarudi kwa shujaa, akamwambia basi nioe wewe uliyeniharibia. Shujaa akajibu, nina kiapo. Niliacha kuchambua. Nilihisi mwanamke huyu wa mbali amenichungulia kwenye dirisha la maisha yangu.

Binti yule akaapa naye. Akafunga, akateseka, akaingia motoni, akazaliwa mara ya pili kwa kisasi tu. Katika vita kubwa akasimama mbele ya shujaa, shujaa akamtambua, akashusha upinde wake kwa kuwa hapigani na mwanamke. Mishale ya wenzake binti ikatokea nyuma yake, ikamjaa shujaa mwilini. Shujaa akalala juu ya mishale hiyo siku nyingi, akiwafundisha watu hekima. Mama wa dukani alisema ndiyo karma: tendo lako linakutafuta mpaka likupate, hata uwe mwema namna gani. Kwetu tunasema malipo ni hapa hapa duniani. Alifuta machozi kwa ncha ya sari, na nikaona kwamba anamlilia shujaa, hamlilii binti.

"Na yule dada," nikamuuliza, "alimwona akianguka?"

"Ndiyo. Yeye nasimama mbele kabisa."

"Alifurahi?"

Aliweka ungo chini, akafikiri. "Kitabu hapana sema," akanijibu.

Nilikaa Itigi miaka. Kisasi kilinifaa, kiliniamsha mapema, kikanifanya niwe mtu wa kazi. Kisha ikaja habari kwamba baba mkubwa ni mgonjwa, amelala miezi, haponi wala hafi. Kwetu kwa mgonjwa wa namna hiyo husemwa kuna ndugu aliyemfungia kinyongo. Ndugu wote huitwa. Kibuyu cha maji kinapita, kila mmoja anasema lililo moyoni mwake, anachukua funda moja, anampulizia mgonjwa kifuani. Maji yakishatoka mdomoni, kinyongo kimetoka. Nikaitwa.

Nilimkuta amebaki mifupa, juu ya kitanda kile kile cha kamba. Ndugu walikuwa wamejaa, na majirani wamesimama mlangoni, wengi wao wa makofi. Nikamwamkia. "Marahaba, mwanangu," akasema, "umekuja." Kibuyu kikaanza kuzunguka. Mmoja alisema alinyimwa mbuzi, mwingine alisema alichapwa utotoni, wakapuliza. Mama akasema hana neno, akapuliza. Kikafika kwangu.

Niliyasema yote. Asali, mkutano, makofi, mtungi wa maji, chai ya Itigi. Niliwataja na majirani mlangoni na ng'ombe wao wa usiku. "Ulipata sifa kwa kunitoa mimi," nikamwambia. "Mimi sikuwa chako." Hata mama hakunizuia. Mzee mmoja akanisogezea kibuyu, akasema vizuri, binti, sasa yatoe.

Nikachukua funda. Nikainama juu ya kifua chake, nikamwangalia machoni ili ajue. Kisha nikayameza yale maji.

Wanawake wakashika vichwa. Mzee akanikamata mkono, akisema nirudie, nirudie, nisimuue mtu. Ndipo baba mkubwa akainua kiganja, kwa shida, akamzuia.

"Mwacheni anywe," alisema. "Ana kiu ya siku nyingi. Ni mimi niliyemnyima."

Nilikuwa nimeingojea hofu yake miaka yote ile. Nilitaka aniombe, aning'ang'anie mkono, alie mbele ya wale wa makofi. Badala yake alinielewa, na akanitetea. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua, mikono mitupu, na maji yake tumboni.