Mti wa Kumi na Moja

Mama wa shamba, mjane wa mlowezi wa Kizungu, alikuwa na mti wake. Sisi tuliozaliwa kambini, kwenye nyumba za vibarua chini ya kinu cha kahawa, tulijua hivyo tangu utotoni. Juu kilimani, karibu na mpaka wa msitu wa Ngorongoro, ilisimama miti kumi na mmoja ya msaiprasi. Chini ya kumi walilala watu wa familia yake. Wa kumi na moja, kando ya ule wa mumewe, aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa, na chini yake hapakuwa na mtu bado.

Hapakuwa na msalaba wala jiwe. Mama huyo alinieleza sababu nilipokuwa karani wa shamba. Ukoo wa mumewe ulikuwa wa Wafaransa Waprotestanti, ambao kwao walikatazwa kuzikwa pamoja na Wakatoliki. Wakawa wanazika mashambani mwao na kupanda msaiprasi juu, bila maandishi, ili adui asijue pa kufukua. Baadaye wakakimbilia Ujerumani, na kutoka huko babu mmoja akaja Karatu. Hapa walitajirika: kahawa, ngano ya Mbulumbulu, duka la jumla Arusha, malori manne. Hakuna aliyewakataza kuzika popote, lakini desturi waliishika.

Baba yangu, Mwiraqw wa Mbulumbulu, alikuwa nyapara wao. Makaburi matatu kati ya yale kumi aliyachimba yeye. La mama wa shamba alikuwa amemwahidi kwamba atalichimba yeye.

Katika miaka ya sabini shamba likawa la umma. Watoto wa mama wa shamba waliondoka. Yeye akaachiwa vyumba viwili nyuma ya nyumba kubwa. Meneja mpya hakuwa mtu mbaya. Aliniagiza nichore ramani ya shamba lote na kujaza fomu: kila kipande kiwe kahawa, mahindi, malisho, majengo au miti ya mbao.

Jioni nilimwonyesha baba.

"Kule juu andika makaburi," akasema.

"Baba, fomu haina makaburi."

"Fomu inajua nini? Aliyechimba ni fomu au mimi?"

Nilicheka. Kwa kweli niliogopa. Makaburi ya walowezi ndani ya shamba la umma yangezaa maswali na barua, nami nilitaka kazi yangu iwe safi. Nikaandika: miti ya mbao, kumi na mmoja.

Misimu miwili ikapita. Shule ya kijiji haikuwa na madawati. Watoto wa dada yangu walikaa sakafuni. Meneja akatazama ramani, akaona mbao. Alhamisi misumeno ikapanda kilimani. Siku hizo mama alikuwa amelala, anaumwa kifua, na mimi nilikuwa Arusha kufuata vipuri. Nilirudi Jumamosi asubuhi, na kabla sijakaa mama akaingia ofisini na fimbo yake, khanga mabegani.

"Ndugu meneja," akasema. "Siku hizi na mimi ni ndugu, sivyo? Watu wako wako kwa wazee wangu."

"Wazee gani, mama? Ramani inasema mbao."

Akanigeukia. "Karani. Wewe unajua."

"Ni makaburi," nikasema.

Meneja akamwita dereva wa trekta, aliyekuwa anakunywa chai barazani.

"Kimbia kilimani, wasimamishe!"

"Wasimamishe nini tena, bosi? Imekwisha. Minyoofu ile, ilianguka kama askari wa gwaride. Na visiki nimeshang'oa kwa mnyororo, kama ulivyosema. Panangoja maharage tu."

Hakujua. Alipouona uso wa mama alivua kofia.

Meneja akasema, "Mama, utazikwa palepale. Nakuahidi. Nyapara atuonyeshe."

Tulipanda sote. Pale juu palikuwa na udongo mwekundu uliovurugika, mashimo yasiyo na mpangilio, na harufu ya utomvu. Baba alihesabu hatua kutoka kwenye mfereji wa mpakani, akachomeka jembe.

"Mzee wako yuko hapa, mama."

Akasogea. "Hapana. Hapa." Akarudi alikotoka, akaanza tena. Jasho lilimtoka ingawa kulikuwa na baridi ya ukungu. Mara ya nne mama akamshika mkono.

"Bwana nyapara, acha. Utampiga mtu jembe."

Mama hakutaka tena kuzungumzia jambo hilo. Masika iliyofuata alifia katika hospitali ya watawa. Barabara ya shamba ilikuwa imekatika kwa mvua, na watoto wake hawakujibu telegramu. Watawa walimzika kwenye makaburi yao ya Kikatoliki, chini ya msalaba wa mbao wenye jina lake kwa rangi nyeupe. Padri alikuwa mwema. Baba alikuja kwa miguu na jembe lake begani. Alikuta kaburi limeshachimbwa na wengine. Akasimama nje ya uzio mpaka ibada ikaisha. Njia nzima alinitangulia.

Tuliporudi, maharage kilimani yalikuwa yamefika magotini. Niliingia ofisini, nikaitandaza ramani mezani, nikafuta neno mbao ili niweke makaburi kumi. Nikakaa na kalamu mkononi. Sikujua hata moja niliweke wapi.