Keria na Blada

Keria ya kubebea baiskeli kwenye gari niliichagua mwenyewe. Mjomba ndiye mwenye gari katika ukoo wetu, na alikuwa akienda na mama kumwona nyanya huko Ukambani. Alikubali kunishusha Machakos kwenye mbio za baiskeli za kuteua timu ya vijana. Mwaka uliofuata umri usingeniruhusu kushindana, kwa hiyo ilikuwa siku hiyo au basi.

Nilizunguka soko zima la Gikomba. Keria za paani hazikufaa, gari lake halikuwa na vyuma vya kuzishika. Nikachukua ya kuning'inia nyuma, yenye mikanda ya kukaza. Ubaya wake ni kwamba baiskeli ikishafungwa, buti haifunguki. Nilimwambia mjomba hivyo tena na tena, akaitikia kama mtu anayeambiwa kuna mvua Kisumu.

Asubuhi ya safari, mbele ya fleti yetu ya Tassia, nilikaza kila mkanda, nikaitikisa baiskeli hadi gari lenyewe likayumba. Nikapanda juu kuchukua helmeti. Niliporudi, mikanda yangu ilikuwa chini matopeni. Mjomba alikuwa amekumbuka unga wa nyanya, akafungua buti, kisha akaifunga baiskeli upya kwa blada, zile kamba za mpira zinazokatwa kwenye tyubu kuukuu.

"Anko, hizo zitaachilia."

"Wewe msichana, mimi nimebeba mbuzi kutoka Kitui na hizi blada. Hakuna hata mmoja alishuka. Na hiyo mikanda yako inakwaruza rangi."

Nikashika blada nizifungue. Akanipiga kofi mkononi. "Gari ni ya nani?"

Mama alinifinya ninyamaze, maana mwenye gari habishiwi. Mjomba ni mzee wa kanisa. Akatuinamisha vichwa, akaomba, akaifunika safari kwa damu ya Yesu, na hakufupisha.

Mbuzi akifungwa hutulia. Baiskeli hushika upepo, nao mpira huvutika. Tulipofika Mlolongo nilisikia chuma kikigonga lami, kisha lori likapita juu yake. Mjomba alishuka, akapapasa buti kwa kiganja.

"Tumshukuru Mungu," akasema, "rangi iko sawa."

Machakos hakusimama, kwani nishuke nikafanye nini? Wasichana wenzangu walikuwa wakivuka barabara kwenda kujipanga. Akawapigia honi wampishe. Nilimchukia hapo hapo, na sijaacha.

Sasa kiharusi kimempiga. Mdomo umeenda upande, maneno hayatoki. Jumapili iliyopita mama alinituma nimpeleke kanisani kwa gari lilelile. Kiti chake cha magurudumu ndicho miguu yake, hana kingine, na hakiingii ndani ya gari. Huning'inizwa kwenye keria yangu.

Nilimkalisha kiti cha nyuma, nikaenda kufunga. Aligeuza shingo kunitazama kupitia kioo. Nilitoa mikanda, nikaishika kidogo, nikairudisha mfukoni. Nikachukua blada.

Akaguna kwa nguvu. Mkono wake uliobaki mzima ukaanza kupiga kioo.

"Tulia, Anko," nikamwambia. "Umebeba mbuzi na hizi. Hakuna hata mmoja alishuka."

Nikaingia, nikainamisha kichwa, nikaifunika safari. Sikufupisha.