Jicho la Kushoto la Wifi

Wifi yangu ni mtu ambaye ukimwambia nje kunanyesha, atatoka kwanza ahakikishe. Mdogo wake ndiye aliyenioa, na tangu siku ya kwanza alinitania kwamba mdogo wake kapata mke, yeye kapata mzigo. Mzigo huo akaufundisha kushona. Sasa tunafanya kazi chumba kimoja kinachotazama barabara: cherehani yake iko karibu na mlango, yangu nyuma, na katikati ipo meza ya kukatia ambayo mguu wake mmoja umepachikwa kigae isiyumbe. Yeye hushona suti na sare, mimi naachiwa pindo, zipu na vifungo. Silalamiki. Sijaona fundi mwingine ambaye mshono wake hulala sawasawa hivyo bila kupigwa pasi.

Ugonjwa ulianza na joto. Sote tumevaa sweta, yeye anajipepea kwa karatasi ya kukatia. Anakula kama mvunja mawe na huku sketi zinamvuka. Mikono ikaanza kutetemeka, moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Hospitali wakampima damu, wakasema tezi yake ya shingoni inatengeneza homoni kupita kiasi, wakampa vidonge. Nisimsingizie, alivimeza kama alivyoelekezwa. Joto likapungua, mikono ikatulia, mwili ukamrudia. Tukadhani yamekwisha, na hapo ndipo tulipokosea sote wawili.

Kwa sababu macho yalikuwa yakimtoka. Yalianza kidogo kidogo, hata sisi tunaoishi naye hatukugundua mapema. Kope za juu zikapanda, weupe ukaonekana pale ambapo haukuwahi kuonekana, akawa anakutazama utadhani umemwambia jambo la aibu. Usiku hayakufumba sawasawa, na asubuhi yaliamka mekundu, yanachoma. Mama mmoja aliyeleta gauni lipunguzwe alirudi kulichukua kabla halijaguswa, akidai fundi amemkazia macho kwa dharau. Nilimjibu yule mama maneno ambayo sitayaandika. Wifi akanituliza, akasema bora wamwogope, labda sasa wataacha kumbishia vipimo.

Kisha vitu vikawa viwili viwili. Mimi nachora mstari mmoja wa chaki, yeye anaona miwili, na hajui akate upi. Nilimsihi arudi hospitali. Akasema arudi kufanya nini, damu imeshatulia, na macho na shingo vimekutana wapi? Akanunua miwani barabarani, ikashindwa, akanunua nyingine. Mwisho akajishonea kiziba jicho kwa bitana nyeusi na ukanda wa mpira. Akifunika jicho moja, mistari miwili inakuwa mmoja, naye akaona amepata dawa. Asubuhi alifunika la kushoto, mchana la kulia, kila moja lipumzike kwa zamu yake. Nikamwambia mdharau mwiba mguu huota tende. Akanijibu kwamba miguu yake ni mizima, nishike pasi.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye vizibao. Hoteli moja ilimletea kitambaa chekundu awashonee wahudumu, na ilikuwa kazi aliyoitafuta kwa muda mrefu. Nilipoketi kutia vifungo, nikaona vizibao vya asubuhi vimeshonwa kwa uzi mwekundu, na vya mchana kwa uzi wa kahawia. Nilicheka, nikamuuliza tangu lini tumeanza mitindo hiyo. Yeye hakucheka. Alichukua kizibao, akasimama mlangoni penye mwanga, akasema uzi ni ule ule, na kama mimi sioni basi mimi ndiye wa kupelekwa hospitali. Nikamwekea roli mbili za uzi juu ya kitambaa. Tukabishana mpaka fundi viatu wa jirani akachungulia. Katika kubishana kwenyewe, wifi akahamisha kiziba ili anionyeshe vizuri ujinga wangu. Akakirudisha upande wa kwanza, akatazama. Akakihamisha tena, safari hii taratibu.

"Wifi," akasema, "hili la kushoto halioni nyekundu."

Nilijua atasema amalize vizibao kwanza. Huyu ndiye mtu aliyewahi kushona na homa kwa sababu bwana harusi alikuwa anasubiri suti. Badala yake akaifunika cherehani, akampigia simu mtu wa hoteli, akamwambia kazi itachelewa, na kama hawezi kusubiri aje achukue kitambaa chake. Mimi nikaanza kunung'unika kuhusu jina letu, kwamba watu watasema nini.

"Nguo nitashona nyingine," akanikatiza. "Jicho nitalishona na nini?"

Daktari wa macho alikuwa msichana, wifi akamwita mwanangu tangu mlangoni. Ajabu ni kwamba daktari hakuanza na macho. Alianza na shingo: vidonge gani, tangu lini, damu ilipimwa lini mara ya mwisho. Ndipo akatueleza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda, ndiyo iliyoichokoza tezi, na sasa ilikuwa imeigeukia nyama iliyo nyuma ya macho. Nyama ikivimba husukuma jicho mbele. Misuli hukaza, na macho mawili yanashindwa kutazama mahali pamoja, ndiyo maana ya ile mistari miwili. Damu inaweza kutulia, macho yakaendelea na vita vyake. Upande wa kushoto uvimbe ulikuwa umeshaanza kuubana mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na mshipa huo ukibanwa, rangi hutangulia kufifia. Ukiachwa, giza hufuata. Alisema hivyo bila kuzunguka, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Kisha akauliza kama anavuta sigara. Hapo nikatazama dari. Miaka yote wifi huvuta nyuma ya nyumba, akarudi anatafuna pipi ya mnanaa, na sisi sote tukijifanya hatuna pua.

"Kila sigara unayovuta inalisha huo uvimbe, mama," daktari akasema. "Dawa nitakupa mimi. Hilo lingine ni lako."

Wifi akafungua mkoba, akaitoa pakiti, akaiweka mezani mbele ya daktari.

"Tupa wewe, mwanangu. Nikitupa mimi nitajua nilipotupa."

Msifikiri ilikuwa rahisi kama ilivyosemwa. Alitundikiwa dripu ya dawa ya kupunguza uvimbe, dawa yenyewe ikamvimbisha uso, usingizi ukamkimbia, na hamu ya sigara ikamfanya agombane hata na pasi. Hamu ikimshika alichukua kitambaa chakavu, akatoboa tundu la kifungo na kulizungushia uzi kwa mkono, moja baada ya jingine, mpaka ipite. Kile kitambaa mwishowe ungedhani kimeliwa na panya. Lakini hakuvuta. Nilimnusa kila jioni nikijidai namkumbatia, naye alijua, akaniacha nimnuse. Mimi nikafumua nyuzi za kahawia, nikavishona upya vile vizibao. Mtu wa hoteli alisubiri.

Uvimbe ukapungua, ila nyekundu haikurudi. Daktari akasema mshipa bado umebanwa, na njia iliyobaki ni upasuaji wa kupunguza mfupa ili jicho lipate nafasi. Hakuahidi kitu. Mume wangu akaogopa, akasema jicho moja linamtosha mtu, kwa nini dada yake alale chini ya kisu?

"Nikikaa nyumbani litakufa," wifi akamwambia. "Nikienda, huenda likapona. Sasa mdogo wangu, hapo panakushinda wapi?"

Mimi nilikuwa na hofu kuliko mume wangu, ila mawifi hawaambiani mambo hayo, sisi tumezoea kutaniana. Siku ya upasuaji niliketi kwenye benchi la korido. Ndipo nilipojua kwamba mtu huyu aliyeniita mzigo nampenda kuliko baadhi ya ndugu niliozaliwa nao. Waliporuhusu mmoja wetu akeshe wodini, nilikesha mimi.

Bandeji ilipotolewa, daktari akafunika jicho la kulia kwa kiganja, la kushoto likabaki peke yake, limevimba, linatoka machozi. Akamuuliza anaona nini. Wifi akaniangalia mimi, akaniangalia muda mrefu.

"Namwona wifi yangu," akasema. "Kajifunga kitambaa chekundu kichwani. Na amelia usiku kucha, macho yamemvimba kuliko yangu."

Wodi nzima nilikuwa nimewaambia ni mafua.