Mwenzangu Aliitwa Yaya

Kanisa letu la Kigoma lilipoamua kutuma watumishi Bukavu, katika wanawake mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Nilikuwa mwalimu wa ushonaji, sijaolewa, na Biblia niliijua kuliko wengi wa kwaya. Tulikwenda watatu: mchungaji, mkewe na mimi. Tulipanda meli hadi Bujumbura, tukavuka kwenda Uvira, kisha lori likatupitisha Sange na kutupandisha milima ya Ngomo, mama mchungaji akiomba kwa sauti kila kona. Juu tulikuta baridi na ukungu ambao hakuna aliyekuwa ametuonya. Nchi ilikuwa bado mpya katika jina lake la Zaïre, na watu waliitana citoyen na citoyenne, yaani raia, hata dukani.

Kanisa la Kadutu, mtaa wa Bukavu, lilitupa nyumba ya bati kwenye mteremko, juu kidogo ya soko. Mvua ikinyesha, tope lilishuka likaingia hadi chini ya vitanda. Leo sabuni ipo, kesho haipo. Niliyavumilia yote bila kunung'unika kwa sababu nilipewa darasa langu: wanawake wa kanisa, cherehani moja ya miguu, na vipande vya vitambaa tulivyoombaomba kwa mafundi. Niliwafundisha kukata na kupinda, na kusoma Injili ya Marko. Waliniita Mademoiselle, yaani binti asiyeolewa. Nikianza kusema, walinyamaza. Siku moja mmoja wao, mama mnene aliyeuza ndagala sokoni, wale dagaa wetu wa Tanganyika, aliniambia, "Mademoiselle, wewe unasemaka Kiswahili kama radio."

Niliichukua kuwa sifa. Niliishi na sifa hiyo mwaka mzima.

Ndipo mwenzangu akaja. Naye alitoka Kigoma, mshonaji kama mimi, rika langu, ila alishona vibaya. Mapindo yake yalikwenda upande, na mwenyewe alikuwa wa kwanza kuyacheka. Hata mizigo hajafungua, alimfuata yule mama wa ndagala sokoni, akarudi mchana ananuka samaki, ameshajua kutwanga sombe, kisamvu chao, na ameshaanza kusema "iko" kwa kila kitu. Mezani akasema chai iko muzuri. Nikamsahihisha kwa upole kwamba chai ni nzuri. Akakubali, akacheka, kisha akamgeukia mama mchungaji akamuuliza bugali iko wapi.

Kiangazi hakijaingia, wakawa wanamwita Yaya. Kule maana yake ni dada mkubwa. Kwetu yaya ni mtu wa kubembeleza watoto wa wenzake, na maana hiyo ya kwetu ilinifariji siku kadhaa. Kisha ikaacha kunifariji, maana nilisikia jinsi walivyolitamka. Mademoiselle halikuwahi kutamkwa namna ile.

Darasani walikuja kwangu na vitambaa, nikawakatia, nikawaonyesha mshono. Wakishaelewa, walichukua kazi zao wakatoka kwenda kumaliza kwa mkono nje, alipokuwa amekaa yeye juu ya kigoda. Mimi nilibaki ndani na cherehani. Ukuta wa mbao ulikuwa mwembamba, kwa hiyo nilijua kila walipocheka, na nilijua kicheko kipi kilikuwa chake. Mara nyingine nilisimama nikaenda mlangoni kuwauliza kazi imefika wapi. Walinijibu vizuri, kila mmoja akanionyesha pindo lake. Nikigeuka tu, mazungumzo yanarudi.

Kulikuwa na mwanafunzi wangu mmoja niliyemtoa kwenye a, e, i, o, u hadi akasoma sura nzima mbele ya kanisa. Nilimpenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Alipojifungua mtoto wa kike nilishona gauni na kofia, nikaweka kamba za hariri shingoni, nikapeleka mwenyewe. Nilipoingia nikaambiwa mtoto ana jina tayari: amepewa jina la mwenzangu, lile la Kiha alilorithi kwa bibi yake.

Lazima nieleze kwamba wakati ule serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya kizungu kwa raia wake, hata ya ubatizo. Kila mtu alitakiwa kuchukua jina la mababu. Jina langu mimi, lile walilolijua, lilitoka katika Biblia. Mama wa mtoto aliutazama uso wangu, nadhani akaona kitu, akasema taratibu, "Lako, Mademoiselle, hawatalikubali kwa commune," yaani ofisi ya serikali ya mtaa.

Nilimshukuru kwa sentensi ile. Niliibeba hadi nyumbani, na kwa wiki nyingi nililaumu sheria. Lakini bibi yangu mimi pia alinipa jina la Kiha, na nilikuwa nimekaa Kadutu muda mrefu kuliko mwenzangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Baadaye tulitumwa sote wawili Sange, kwenye mkutano wa wanawake. Kule bondeni joto ni jingine, na mbu ni wengine. Malaria ilinilaza kabla mkutano haujafunguliwa. Mwenzangu aliniuguza. Alisaga vidonge vya kwinini akavichanganya na uji, alifua nguo zangu, alinipepea kwa kipande cha boksi, na nikitapika alishika paji la uso wangu kama mama yangu alivyofanya. Sitamsingizia, bila yeye labda ningezikwa kule.

Wanawake wa Sange walikuja kumwona mgonjwa. Waliinama mlangoni, wakaingia, wakaushika mkono wa mwenzangu kwanza. "Pole, Yaya. Umechoka sana." Mimi nilikuwa nimelala palepale, macho wazi. Wengine walinikumbuka wakati wa kutoka. Nilimshukuru Mungu kwa uzima, na nilimshukuru kwa ile mikono iliyonipepea. Na katika maombi yaleyale nilitamani homa ingempata yeye, mimi niwe ndiye wa kupewa pole.

Tuliporudi, kulikuwa na habari kutoka Minova. Kanisa dogo la kule, kando ya ziwa la Bukavu, liliomba mwalimu wa wanawake, na mmoja wetu ilibidi aende. Mchungaji hakutaka kuamua peke yake. Baada ya ibada ya Jumapili aliwazuia akina mama, akatukalisha mbele, akawauliza wao wanaonaje. Niliketi nimenyoosha mgongo. Nilijiambia kwamba upendo ni kitu kimoja na kazi ni kitu kingine, na nguo zote walizovaa pale zilipita mikononi mwangu.

Yule mama wa ndagala ndiye aliyesimama.

"Papa mchungaji," alisema, "Mademoiselle anajua kazi sana. Kule Minova hawajaanza, wanahitaji mwalimu wa kweli. Yaya, mutuachie yeye."

Wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya nia njema, na maneno yalikuwa ya sifa. Hakuna mtu ambaye ningeweza kumkasirikia. Mwenzangu alitazama chini. Tulipofika nyumbani aliniambia kwamba kama nataka, atakwenda yeye. Nikakataa haraka. Yeye angeondoka, Kadutu nzima ingelia, nami ningekuwepo kusikia.

Nilifika Minova kwa boti, bila cherehani, kwa sababu ilikuwa ifuate baadaye na ikachelewa. Nilipewa chumba nyuma ya kanisa. Siku za soko wanawake walishuka milimani na maharage, na siku nyingine hapakuwa na mtu. Bila cherehani sikujua mimi ni nani pale. Jirani yangu alikuwa mjane aliyeuza maharage. Aliniona nimekaa kwenye kizingiti siku kadhaa, mwishoni akaniuliza usiku nakulaka nini. Nikamwambia chai. Jioni ile alikuja akanishika mkono kama mtoto, akanikalisha jikoni kwake.

Kuanzia hapo nilikuwa nakwenda mwenyewe. Tulichambua maharage pamoja, nikitoa mawe, yeye akinisimulia habari za marehemu mume wake na mashamba yake. Wenzake wakazoea kukaa nasi. Mmoja akaleta blauzi iliyochanika, nikaishona kwa mkono nikiwa nasikiliza, mwingine akaomba nimwonyeshe. Sikuwa nimeanzisha darasa. Lilikuwa limekaa pale.

Mwenzangu ndiye aliyeileta cherehani, miezi mingi baadaye. Kutoka ufukweni hadi kwangu ni mwendo mfupi, lakini alipofika alikuwa na msururu wa watoto nyuma yake na mmoja kiunoni. Mjane wangu alimpokea kama mtu aliyelelewa naye. Walicheka kitu ambacho sikukisikia mwanzo wake, nami nikaikagua cherehani kuliko ilivyohitaji.

Tukiwa tunamenya viazi nilimuuliza waziwazi anafanya nini hata watu wampende hivi.

"Sijui, dada," alisema. "Mimi naogopa kukaa peke yangu, basi nawafuata."

Nilitaka aniambie siri ambayo ningeweza kujifunza. Jibu lile halikunisaidia, ila nililiamini. Alipoondoka, mjane aliniambia kwamba mwenzangu iko mutu muzuri. Nikasubiri aongeze neno. Akanisogezea ungo wa maharage.

Muda wangu ulipokwisha nilirudi nyumbani kupitia Bukavu. Siku ya kuondoka Minova wanawake walishuka ufukweni na vikapu vya maharage na kuku aliyefungwa miguu. Waliimba wimbo niliowafundisha, wakaubadilisha maneno wakaniingiza mimi ndani. Mjane alinishika mkono wa gauni, hakuachia hadi mwenye boti akamgombeza. Nililia sana. Na huku nalia nilitazama juu ya vichwa vyao, kwenye njia inayotoka barabarani, nikitumaini kwamba labda mwenzangu amekuja kunisindikiza, kwa kuwa nilitamani mno aone.

Hakuwapo. Nilipopita Kadutu nilimsimulia yote, wimbo na vikapu na hata kuku. Alinikumbatia, akafurahi kwa moyo wake wote kwa ajili yangu. Lakini kusimuliwa si kuona.